Msumari wa Tatu

Mshauri mpendwa, najua umechoka na shida za watu, ila sogea kidogo na yangu ikae, naomba msaada kabla ya Ijumaa.

Mimi ni kinyozi, miaka ishirini na tatu, shule niliiacha kidato cha pili tukiwa hatuelewani, lakini kuanzia kituo cha mafuta mpaka machinjioni hakuna mkono kama wangu, nikikunyoa hata mkeo anakuamkia upya. Kwetu ni ukoo wa madiwani. Babu alikuwa diwani, baba akawa diwani, picha zao zipo sebuleni juu ya kabati la vyombo, wamevaa koti lile lile la kijivu, na pembeni yao shangazi alipigilia msumari wa tatu tangu niko shule ya msingi, mtupu, unaningoja mimi, na kila mgeni akija anamwonyesha kwa kidole, "Hapo ni pa huyu. Damu ni ile ile."

Sasa ulimi wangu nao una mashine yake. Wiki mbili zilizopita nimemkalisha mwalimu mstaafu kwenye kiti, foleni imejaa, watu wanalalamikia maji, nami nikajishika kiuno, mashine bado inanguruma, nikawaambia, "Nipeni mimi huo udiwani, bomba la hapa kona litatoa maji kabla mwaka haujaisha!" Wakapiga makofi, nikajisikia mrefu, sikufichi. Isipokuwa mama muuza mkaa, aliyemleta mjukuu wake kunyolewa, yeye hakupiga. Akaniangalia tu, "Babu yako alisema hivyo hivyo, mwanangu. Kona hiyo hiyo. Mkono kiunoni hivyo hivyo. Nilikuwa na mimba ya mama yake huyu."

Kesho yake shangazi akaja na fomu ya kugombea, ameshaijaza yote, hata elimu yangu ameiongeza, wadhamini wametia sahihi, imebaki yangu tu, na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa.

"Shangazi, mimi sijui chochote."

"Kwani baba yako alikuwa anajua nini?"

Na hapo ndipo ninapochokea. Baba alikaa kwenye udiwani miaka kumi akiahidi bomba hilo hilo, na miaka yote hiyo mfungua mlango ni mimi, nilijua kusema "Baba hayupo" kabla sijajua kutaja jina langu vizuri, naye yuko nyuma ya friji ameshika viatu mkononi asisikike akitembea. Sasa hana cheo tena, lakini mlango ukigongwa bado anainuka kama wa kujificha. Juzi aligonga mama wa mkaa, akaniulizia mimi, baba akamjibu, "Hayupo," na mimi nilikuwa jikoni, mshauri, nimeshika viatu.

Je, ndiyo damu hiyo? Nitie sahihi? Na usiniambie nizungumze na wazazi, hilo jibu ulishampa yule wa wiki iliyopita.

Mkono wa Dhahabu, kinyozi

MSHAURI ANAJIBU

Mkono wa Dhahabu, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikavua miwani, maana wa aina yako mnaniandikia kila msimu wa uchaguzi na nimechoka kuwahurumia.

Sikuambii uzungumze na wazazi. Baba yako ameshazungumza, kwa miguu.

Acha kuisingizia damu. Damu haijui hata hiyo kona iko wapi. Ulichorithi umekiona kwa macho: babu umemwona pichani amesimama, ukajifunza kusimama, baba umemwona nyuma ya friji, ukajifunza kushika viatu. Wala usinidanganye kwamba hutaki. Yale makofi ulikuwa unayasikia hata ulipokuwa unaniandikia. Kutaka si kosa. Kosa ni kwamba cheo chenyewe hujakipata na umeshaanza kujificha! Baba yako angalau alisubiri achaguliwe.

Pole, lakini sikiliza. Fomu usitie sahihi. Mrudishie shangazi yako, akilia mwache alie, ile elimu aliyokuongezea peke yake inatosha kukuaibisha. Kisha asubuhi, kabla hujafungua kibanda, nenda kwa mama wa mkaa umwambie, "Bomba niliropoka." Basi, bila mkono kiunoni. Mwombe mwende wote ofisi ya maji, kaa naye kwenye benchi, na usimwambie mtu wewe ni mtoto wa nani. Mkiambiwa njooni kesho, nendeni kesho. Ukichoka siku ya tatu, umeshajijua, kanyoe watu kwa amani. Usipochoka, uchaguzi mwingine utakuja, ugombee na elimu yako ile ile ya kidato cha pili, ukiitaja mwenyewe.

Kwenye msumari tundika aproni yako.

Na leo mlango ukigongwa, baba yako atainuka. Mwambie akae. Vaa viatu, kafungue mwenyewe, useme, "Nipo."