Daraja Ilienda, Vibao Vikabaki

Yaya Kambale,

Daraja ya kwenda Mutwanga ilibebwa na maji Jumapili, na kakao yetu inaoza ng'ambo. Huku Beni, mutu wa commune anasema: "Ile ni ya province." Wa province: "Mama, ni ya Kinshasa." Lakini pale kwenye muto kuna vibao tatu: cha commune, cha province, na chako wewe député, mbunge wetu, chenye sura yako. Vyote vinasema: "Daraja tumejenga sisi!"

Bamotard, wale ba pikipiki, balilaza kibao chako juu ya maji. "Pita, mama, leo député anatubeba!" Nikakanyaga pua yako, yaya.

Unisalimie mama, mule vizuri hizo vacances za Bunge. Lakini feza ya daraja mulivota kweli, ao hapana? Nijibu kabla ya soko ya Jumamosi.

Mudogo wako, Masika