Picha Isiyo na Sauti

Nyarugusu, Kasulu
Jumapili

Kwa kaka yangu mpendwa Aksanti,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mimi ni mzima, na naomba Mungu barua hii iwakute wazima wewe, wifi yangu na watoto huko nyumbani Fizi. Je, kifua chako kimepona? Mihogo imekubali mwaka huu? Huku kambini mvua zimeanza vizuri na kila mtu yuko shambani. Ningependa kuendelea na habari za namna hii ukurasa mzima, kaka, maana nikiziacha nitalazimika kufika kwenye jambo lenyewe. Nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma, na kama wifi yuko karibu, mwite. Simu ya kwenu haishiki, ndiyo sababu nimemwomba Rigobert, anayesafiri kuja huko, akuletee barua hii yeye mwenyewe, asiipitishe kwa mtu.

Unajua bado natafsiri zahanatini, kwa wamama wanaojua Kibembe tu. Mwezi huu tumepata nesi mpya, Ghati, mtu wa Mara, aliyehamishwa huku kutoka Kasanda, kule Kakonko. Ni dada mchangamfu, kicheko chake unakisikia tangu getini. Amekuja na tableti yake yenye video alizopiga mwenyewe huko alikotoka, za kuwafundisha wanawake wanaojifungua mara ya kwanza.

Alhamisi wanawake walijaa hadi mlangoni, na tableti ile ni ndogo. Ghati akaazima skrini ya kompyuta ofisini, akaunganisha kwa waya. Picha ikatokea kubwa na safi: mwanamke wa Kasanda anaitwa Esteri, beseni la maji, na kitoto kichanga kinarusha miguu. Lakini sauti hakuna. Ghati aliongeza sauti mpaka mwisho, kimya. Akasema basi, yeye ataeleza kwa mdomo na mimi nitafsiri. Mama mmoja wa nyuma akauliza kama tumewaita kutazama mabubu wakiogesha mtoto, watu wakacheka sana.

Nikaomba nijaribu mimi. Jambo kama hilo liliwahi kutupata kanisani. Ukichomeka waya, tableti hupeleka sauti kwenye skrini pamoja na picha, na skrini ile haikuwa na spika. Sauti ilikuwa inakwenda mahali pasipo na mdomo. Nikafungua mipangilio, nikatafuta pa kuchagua sauti itokee wapi. Palikuwa na jina la skrini, na chini yake tableti yenyewe. Nikagusa tableti.

Maji yakasikika. Esteri akasikika akisema maji yawe ya uvuguvugu. Kisha mkono wa mtu mzima ukaingia pembeni ya picha, umeshika taulo. Uso hauonekani, mkono tu. Na sauti ikasema: “Nyamaza, shefu. Koti yako inakuya.”

Kaka, ni nani mwingine chini ya jua anayemwita mtoto mchanga shefu, kama mkubwa wa ofisi, na taulo yake koti?

Sijui jinsi nilivyomaliza kutafsiri siku ile. Wanawake walipotawanyika nilichukua tableti na visikilizio vya masikioni, nikaenda nyuma ya jiko, nikairudia sauti ile tena na tena. Ghati akanikuta nimekaa chini kwenye majivu. Nikamuuliza mkono ule ni wa nani. Akasema ni wa mama mmoja Mkongomani anayeishi kwa akina Esteri, anawalelea watoto, na kijiji kizima kinamwita Mama Shefu. Jina lake hasa hakulijua. Hapo hapo akampigia Esteri, na Esteri akampelekea yule mama simu.

Nilisema mimi ni Elise. Akanijibu kwa ukali, “Usinicheze, mwanangu. Watoto wangu wamekufa.” Nikamsihi. Akauliza maharage ya moto yaliniunguza mguu upi. Nikamwambia hayakuniunguza mimi, yalimuunguza Aksanti, mguu wa kushoto. Simu ikaanguka. Nikasikia analia jinsi wanavyolia watu waliopokea msiba, na Esteri akipiga kelele kuuliza amefiwa na nani. Aliporudi kwenye simu hakuniuliza lolote kuhusu vita wala safari. Aliuliza, “Aksanti anakula?”

Ndiyo, kaka. Mama yetu yuko hai.

Boti iliyozama tulipokimbia vita, ile tuliyoambiwa alikuwamo, haikuwa yake. Alikuwa ameshushwa ufukweni kwa sababu watu walizidi, akavuka siku nyingine na kufikia Kibondo. Huko mtu wa kwetu alimwambia kwamba kipindupindu kilitumaliza sote wawili. Naye akaamini, kama sisi tulivyoamini ya boti. Miaka yote hii mimi na yeye tulitenganishwa na safari ya siku moja ya basi.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata Ghati. Sauti ile ilipotoka mbele ya wanawake wote, nilirudisha kidole kwenye mipangilio nikagusa jina la skrini. Nikamnyamazisha mama yangu. Nikawaambia watu imeharibika tena, nikaendelea kutafsiri picha isiyo na sauti. Niliogopa, kaka. Tulishamlilia, tukamaliza, nikajifunza kuishi bila yeye, na kwa dakika zile nilitaka abaki alivyokuwa, amekufa, ili nipate kupumua. Yeye analia kwa furaha na kuniita zawadi, nami kila akiniita hivyo nakiona kidole changu. Nimeshindwa kumwambia. Niambie wewe, mkubwa wangu, kama nimwambie.

Ghati anashughulikia kibali cha safari, na wiki ijayo mama ataletwa Kasulu. Ule msalaba uliouandikia jina lake, tafadhali ung'oe leo, usingoje kesho.

Nisalimie wifi, nibusie watoto, na majirani wote wanaonikumbuka wape salamu zangu. Ghati anakusalimu ingawa hamjuani. Akina Esteri wa Kasanda wanakusalimu.

Mama anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Elise