Mto wa Dhahabu Katika Cahier ya Bwana Yangu

Mama Adèle mupendwa wa radio yetu, nakuandikia na moyo imetulia kuliko wiki iliyopita, lakini kuna neno moja bado linanikaba, unisaidie tafazali mbele ya niharibu urafiki wa watu wawili kabisa.

Bwana yangu Tharcisse anafundisha géographie kwa shule moja hapa Bunia, na rafiki yake Donatien anafundisha chimie, na tangu miaka sita kila samedi, siku ya mapumziko, wanajifungia kwa salon na cahier moja kubwa, daftari ya kurasa mingi, wanachora, wanabishana, wanacheka, mimi nikiingia na chai wananyamaza, na mimi siulizi, nilijiambia hawa wamepata carrière, shimo ya kuchimba dhahabu, na wanaificha, ao Tharcisse ana bibi mwingine kule Mongbwalu, juu mutu asiye na siri hanyamazi mbele ya chai.

Dimanche moja hawako, nikafungua ile cahier. Nikaona carte, ramani yenye milima, mishale, na mto umeandikwa «Rivière dorée», mto wa dhahabu, na kando yake mulima «Kpandroma ya pili», jina la ule mji wetu wa kule juu. Mama Adèle, sikusoma maandishi ya chini, nikapasua ule ukurasa, nikamupelekea kaka yangu Katsuva, ambaye kazi yake ni kuchimba dhahabu, nikamuambia, «Uende uone shemeki yako anatuficha nini.» Lundi asubuhi akapanda moto, pikipiki yake, na chepeo yake ya kuchimbia, akapita Iga Barrière, akaelekea Kpandroma, na weye unajua amani yetu ya sasa, watu wanaenda soko lakini wanauliza kwanza barabara imelalaje.

Mardi simu yake ikazimika. Mercredi Tharcisse akaona ukurasa haupo. Akamuita Donatien, akamuambia mbele yangu:

«Ni weye umepasua, juu umeona nakushinda!»

«Mimi?» Donatien akasema. «Nipasue mto ambao nimeutengeneza mwenyewe?»

Nikauliza, mto gani? Tharcisse akanijibu kwa hasira kwamba ni mto wa planète, dunia ingine ambayo wanaitunga wao wenyewe, haiko popote. Kule baridi iko kali mpaka maji yote ni mawe, milima yote ni ya maji magumu, na bahari ni ya ammoniac, ile hewa yenye harufu ya mukojo, kule baridi imeigeuza kuwa kama maji. Na sodium, madini ile iliyo ndani ya chumvi, ikiingia kidogo katika ammoniac ile inakuwa ya bluu, ikiingia mingi inang'aa kama dhahabu. Ndiyo Rivière dorée, Mama Adèle! Walikuwa wamegombana samedi, Donatien akisema sodium ikigusa milima ya maji itachemka na kuwaka, mto uhamishwe upite juu ya mawe ya chumvi, na Tharcisse anakataa. Sasa Donatien akachukua kofia yake, akatoka, mpaka leo hajarudi.

Nilikimbia jikoni nikacheka peke yangu, juu bwana yangu hana bibi mwingine, hana carrière, ana dunia ya baridi tu, kisha nikakumbuka kaka yangu anatafuta ule mto na chepeo, nikaanza kupiga simu yake, haiingii. Siku mbili sikumeza kitu.

Vendredi Katsuva akaingia kwangu na miguu bila viatu, akiwa muzima. Mbele ya Kpandroma watu wenye silaha walimusimamisha, wakamukuta na carte, wakamuambia awaonyeshe dhahabu. Mumoja wao, aliyesoma chimie kidogo zamani, akashika ukurasa, akasoma mpaka chini, akamuangalia.

«Muzee, hapa wameandika jua mbili. Weye unaenda wapi?»

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakachukua buti zake na moto, wakamuachilia. Yule mutu akakunja ukurasa, akauweka mufukoni.

Katsuva anasema ninyamaze, mambo imepita. Lakini Tharcisse anakaa samedi yote anaangalia mulango, na cahier imefungwa. Nifanye nini?

Kavira, Bunia

*

Kavira (hili si jina lako, na wengine wote nimewabadilishia majina),

Umshukuru Mungu kwanza, halafu ukae, juu nitakugombeza. Nafurahi kaka yako anapumua. Lakini ulimutuma mutu kwa ile barabara na karatasi ambayo haukuisoma! Miaka sita unapeleka chai kwa salon, haukupata dakika moja ya kuuliza, «Munachora nini?» Wivu naujua, hata mimi nilikuwa nao. Lakini wivu wako ulikula buti na moto ya kaka yako, na ulikaribia kula mengine.

Na Katsuva alikudanganya. Haikuwa imepita. Donatien alikuwa anaitwa mwizi wa ukurasa na hajaiba kitu.

Nilikutumia ujumbe uliosema hivi: muite Donatien, akae pamoja na Tharcisse, na Katsuva awe pale. Usianze na kusema uliogopa bibi mwingine. Anza na: «Ni mimi nilipasua.» Barua yako sikuisoma kwa radio wakati ule, juu Bunia ni ndogo na bwana yako ana masikio. Nikangoja.

Jana umeniandikia kwamba umesema. Donatien akaanza kucheka kwa habari ya jua mbili. Tharcisse hakucheka. Alimuangalia Katsuva, akasema, «Ungekufa kwa ajili ya mto wangu,» na akalia kama mutoto. Halafu akasimama, akamuomba Donatien musamaha mbele yako. Umeniandikia kwamba ulilala usingizi wa kwanza tangu majuma matatu. Hata mimi nimepumua.

Sasa nisikilize. Usimukumbushe Tharcisse yale machozi. Umununulie Katsuva viatu ingine, na umuombe musamaha weye mwenyewe, bila kumupitisha mutu. Na samedi ijayo ukileta chai, usirudi jikoni. Vuta kiti, ukae, uwaulize kama kule kwenye baridi ile kuna mutu anaishi. Kama hawajui, muwaze wote watatu.

Mama Adèle