Kitanda Kimeachwa Barazani

Jumatatu, mwezi wa Mfungo Nne. Mwaka wa pili tangu nitoke Tanga kuja kuchuma karafuu, na mwingi wake nimeumaliza humu jela.

Leo Hamadi alikuja kunitazama. Tulijifunza useremala pamoja humu, akatoka kabla ya Ramadhani. Nikamuuliza habari za kazi, akacheka.

"Kaka, kule Mtambile vitanda vyangu wanavisifu. Lakini nikipeleka kitanda nikataka kuingia chumbani nikiunge, mwenye nyumba huniambia, kiache barazani, tutaita fundi."

Fundi gani tena, na fundi ni yeye?

Na mimi kosa langu ni wizi, kama yeye. Randa naijua, lakini nani atanifungulia mlango?

Natoka baada ya Maulidi, narudi Tanga. Kitanda cha kwanza nitakachounda ni cha mama. Asiponiruhusu yeye nikiingize chumbani, basi sijui nani.