Mistari Ishirini na Miwili ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana nimeikawiza mno na najua umeshaninunia. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Mgongo wake umepata nafuu, au bado anatembea kama mtu aliyemeza fimbo? Na yule binti yako wa kwanza, ameacha kung'ata kucha? Huku sisi ni wazima. Mume wangu anakusalimu sana. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anajiona mtu mzima, hataki tena kuogeshwa. Cherehani yangu bado inapiga kelele zilezile ulizokuwa ukizilalamikia, nami bado nashona sare za shule, kola baada ya kola.

Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeikunja nikaificha chini ya vitambaa. Leo nimejiapiza kuimaliza. Nina jambo la kukuambia, lakini siwezi kulirukia tu, lazima nikuanzie mbali. Nivumilie kama ulivyokuwa ukinivumilia zamani nikikusimulia ndoto zangu huku wewe unachelewa shule.

Nilishawahi kukudokezea kwamba kanisa letu lina udugu na kanisa moja la ng'ambo. Waumini wa kule, kila mmoja huchukua familia moja ya huku iliyo katika hali ngumu, akaisaidia chakula na ada ya mtoto. Familia nayo humwandikia barua kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeishika lugha yao shuleni, kazi ya kuandika iliniangukia. Basi kila Jumamosi nilikuwa nafunika cherehani, naenda kukaa kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa, chenye kabati la chuma lisilofungika na meza iliyowekewa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja. Watu wanakuja, wanasema yao, mimi nayaandika kwa lugha ya wenyewe.

Sasa katibu wetu ana sheria yake, na katibu unamjua, akishika jambo halegezi. Karatasi ina mistari ishirini na minne, na barua isiyojaza mistari yote haigongwi muhuri. Anasema mfadhili akipata barua fupi atadhani amepuuzwa, na akidhani amepuuzwa atamwacha mtu wetu njiani. Wengi hawakuwa na shida, ukiwapa nafasi hawanyamazi. Shida ilikuwa Bibi Gunia.

Bibi Gunia humjui, alihamia mtaani ulipokuwa umeshaondoka. Jina amelipata kwa kazi yake ya kuziba magunia ya kiwanda cha unga. Anamlea mjukuu mmoja wa kike, yatima wa mwanawe wa pekee. Mkono wake ni mwepesi ajabu, lakini mdomo mzito. Siku ya barua alikuwa anakaa, anaweka ile sindano yake ndefu juu ya meza kama anayesalimisha silaha, na kusema nimwandikie kwamba amepokea, mtoto anasoma, mvua imenyesha. Kisha anainuka. Mistari miwili! Nikimsihi aongeze neno, ananiuliza aongeze nini na yote ameshayasema.

Barua yake ya kwanza ilinikuta katika mwezi wa pili tangu mama azikwe. Nilibaki naitazama ile mistari ishirini na miwili mitupu, na bila kupanga chochote nikaandika kwamba miguu yangu ina baridi hata jua likiwa kali. Unajua ni miguu ya nani hiyo. Nikaandika kwamba nikiwa kazini hupiga mluzi, na wazee wa kanisa wamenikanya mpaka wamechoka. Nikaandika kwamba mvua ya jana haikuwa mvua, ilikuja kutuchungulia tu ikarudi kwao. Karatasi ikajaa. Katibu akagonga muhuri na kunisifu, nami nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi, kana kwamba nimetoka kuzungumza naye.

Ndivyo nilivyoendelea kwa miaka minne. Bibi wa watu anasema mistari miwili, mimi najaza iliyobaki kwa mama yetu. Nilimwandika anavyoikemea pasi ya mkaa kama mtoto mtukutu. Nilimwandika anavyoficha miwani yake mwenyewe kisha anatushuku sisi. Kule ng'ambo aliyekuwa anazisoma ni mjane mmoja, mstaafu, zamani alikuwa dereva wa basi la shule. Alikuwa anajibu kwa mkono wake, kurasa nzimanzima, anauliza miguu inaendeleaje, anauliza wazee wa kanisa wamesalimu amri au bado. Nikimsomea Bibi Gunia majibu hayo, hapo kwenye miguu na miluzi nilikuwa naruka. Nampa salamu tu, na yeye salamu zilimtosha.

Halafu, mwezi uliopita, wageni wakaja wenyewe. Walikuwa watano pamoja na mchungaji wao, na yule dereva alikuwa mmojawapo. Dada, nililia chooni. Hapakuwa na mkalimani mwingine, na mjukuu wa Bibi Gunia yuko darasa la mwisho la msingi. Mgeni akigundua ametapeliwa akaondoa mkono wake, yule binti anavua sare niliyomshonea mimi mwenyewe, anakwenda kukaa na bibi yake kwenye magunia. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu nilipobisha hodi.

Chumba cha Bibi Gunia ni kimoja, kitanda nyuma ya pazia, magunia yamepangwa mpaka dirishani. Kiti kiliazimwa kwa jirani akapewa mchungaji. Yule dereva ni mrefu, ilimbidi ainame mlangoni, kisha akaketi kitandani bila kusubiri kuambiwa, akamshika Bibi mkono kama anayemjua miaka yote. Akatoa kwenye mkoba soksi za sufu alizozifuma mwenyewe, nene, za kufika magotini. Bibi akazigeuzageuza, akazivuta nyuzi kifundi, akazisifu. Kisha akaniuliza za nini, maana yeye miguu yake inawaka moto, hulala ameitoa nje ya blanketi. Nikamfasiria mgeni kwamba Bibi anashukuru sana.

Kama hiyo haitoshi, mgeni akaomba asikie mluzi. Nikamdanganya Bibi kwamba kwao mgeni akipigiwa mluzi ndiyo heshima. Bibi hana meno matatu ya mbele. Akajikusanya kwa bidii yote, akapuliza, ukatoka upepo na mate. Mjukuu alicheka mpaka akajificha nyuma ya pazia, na mgeni naye akacheka, akampigapiga Bibi begani, akasema hata honi ya basi lake ilikufa kabla ya injini. Kidogo moyo wangu ukatulia.

Ndipo uso wa mgeni ukabadilika. Akamshika Bibi mikono yote miwili, akamuuliza polepole kama binti yake mkubwa amesharudi. Akasema kanisani kwao kuna wanawake tisa wanaokutana kila Alhamisi, na kila Alhamisi kwa miaka minne wamemwombea huyo binti arudi, asikie kwamba mama yake ameyafuta yale maneno makali ya mlangoni aliyomwambia siku ya kuondoka kwake.

Bibi Gunia akanitazama, akauliza mgeni amesema nini hata nikapauka hivyo. Nikamwambia yote, palepale, kwa lugha yetu, huku mgeni akidhani nafasiri. Nikamwambia miguu ni ya mama yangu, mluzi ni wa mama yangu, na binti mkubwa ni dada yangu. Bibi akachomeka sindano kwenye gunia. Kisha akasema nimwambie mgeni kwamba binti hajarudi, na habari haijamfikia, maana hilo ni kweli. Yaliyobaki niyamalize mwenyewe, kwa kuwa yeye hakulelewa kusema uongo na kwa uzee huu haanzi kujifunza.

Kesho yake, wageni walipokuja kanisani, nilimwomba yule dereva tuzungumze kwenye chumba cha barua. Nikamwambia kila kitu, nikamwomba hasira zake ziwe juu yangu na si juu ya mtoto. Alilia, dada. Akasema kwa hiyo yule rafiki yake alikuwa amekufa kabla hajamfahamu. Halafu akasema mtoto ataendelea na shule, hilo nisilitie shaka, ila amekuja kumwona Bibi Gunia na bado hajamwona. Wenzake wakaenda kutembezwa, yeye akarudi kule chumbani kwa Bibi, akakaa kutwa nzima akifundishwa kuziba magunia bila mkalimani. Alitoka na vidole vimetobolewa na uso umejaa furaha.

Katibu naye nilimwambia. Amenisimamisha kazi ya barua, na ni haki yangu. Anayeandika sasa ni mwalimu mmoja kijana, na mfadhili ametuma ombi kwamba za Bibi Gunia ziende fupi zilivyo. Ya juzi ilisema: nimepokea, mtoto amefaulu, sindano imevunjika, nakukumbuka. Katibu aliigonga muhuri huku ameuma meno.

Lakini kabla hajaniacha pale chumbani, mgeni aliniuliza maswali mawili. Kwanza, kama mama aliyasema kweli yale maneno kuhusu binti mkubwa, au niliyatunga. Nikasema aliyasema. Pili, kama wewe unajua. Nikasema hujui.

Dada, ulipofika ulikuta kaburi lina siku mbili. Ulikuja na viatu vizuri na ulilia kuliko sisi sote, na watu wakaniacha mimi wakaenda kukushika wewe. Mimi nilikuwa nimemwogesha miezi saba. Nilikuwa nanuka dawa zake bado. Ukanifuata jikoni nikisugua sufuria, ukaniuliza kama mama alisema lolote juu yako. Nikakujibu hakusema kitu. Niliona ulivyoshika ukingo wa meza. Niliona, na nikaendelea kusugua.

Nilidanganya. Nilikuwa na wivu na uchungu, na nilitaka uumie kidogo tu, kisha nikuambie kesho. Kesho yake ukaondoka, na tangu hapo hujakanyaga. Kila nilipotaka kukuandikia hayo nilishindwa, nikamwandikia mgeni wa ng'ambo, ambaye hakuwa na haki nayo. Wanawake tisa usiowajua wameyajua kwa miaka minne maneno ambayo ni yako.

Haya, yachukue. Ilikuwa asubuhi, ameketi kitandani, miguu nimeifunga shali. Alisema hivi: "Mwambie mkubwa wako yale maneno ya mlangoni nimeyafuta. Alikuwa na haki ya kwenda. Mimi niliogopa kubaki, nikajifanya mkali. Mwambie sikumkasirikia hata siku moja, nilimngoja tu." Kisha akaniamuru nikitandike kitanda chako shuka safi. Nilikitandika akinisimamia, akalalamika kwamba pembe sikuzikunja vizuri.

Pamoja na barua hii utapata bahasha nene. Ni barua zangu zote kwa yule dereva. Alikuja nazo mkobani, akaniachia alipoondoka, akasema zimfikie mwenyewe. Nimezifasiri upya kwa lugha yetu, Jumamosi nne mfululizo, kwa kuwa sasa Jumamosi sina kazi. Zisome taratibu. Mama yumo, na wewe umo.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Kasirika, una haki, kasirika hata kwa kurasa ishirini, nami nitazisoma zote. Ila nisalimie shemeji, wabusu watoto, na Bibi Gunia anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Amekutumia zile soksi, anasema huenda miguu ya mama umeirithi wewe.

Kitanda chako nimekitandika tena leo. Pembe nimezikunja vizuri.

Ni mimi, mdogo wako niliyekukosea na ninayekupenda.