Hadithi ya Bibi Yangu, Jina la Wegesa

Jumatano, Musoma. Mvua tangu alfajiri, barabara ya Mukendo yote matope, na mimi nina wivu. Naandika waziwazi, maana hapa hasomi mtu.

Leo kitabu cha Wegesa kimefika shuleni kutoka Dar es Salaam, kina rangi tatu! Wegesa ni mwalimu mwenzangu, na sote wawili tunaandika na kuchora hadithi za watoto. Darasa langu wamekigombania mpaka jalada likakunjika. Moyoni nikasema, afadhali.

Mwalimu mzima!

Hadithi yenyewe, ya fisi aliyekwenda kuposa kwa mbuzi, ni ya bibi yangu wa Mugeta. Miaka miwili namfuata na daftari, na kila mara anaishia fisi anapobisha hodi, eti amechoka. Wegesa alilala kwake siku moja tu, tulipopeleka wanafunzi kuchuma pamba ya kijiji cha ujamaa. Akapewa yote.

Niliposikia kitabu kinakuja, Jumapili nilipanda basi hadi Bunda, nikadandia lori la pamba, nikafika kwa bibi nimevimba. Wala hakushtuka.

“Wewe nikisimulia unainama unaandika,” alisema. “Mwenzio alikuwa anaitikia. Sasa nimsimulie nani, daftari?”

Kwetu msimulizi anaitikiwa kila anapopumua. Akisikia kimya anajua watu wamelala, anaacha. Mimi sikulijua hilo? Tulikuwaga wajukuu sita pale jikoni kwake, tunaitikia mpaka sauti zinakauka. Nikaenda chuo cha ualimu, nikajifunza kuandika haraka, basi.

Lakini kinachoniuma hasa ni mchoro wa ukurasa wa mwisho. Yule mbuzi mzee mlangoni ana kidevu cha bibi, na mkono kiunoni vilevile bibi anavyosimama akiudhika. Nimetafuta kosa nimekosa. Jioni hii nimepekua michoro yangu yote: miguu ya bibi, mikono yake ikichambua pamba, mafiga yake. Uso hakuna hata mmoja.

Wegesa, bila ubaya wowote, ameniomba nimpelekee bibi nakala yake Jumamosi. Nimekubali. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo itabidi nimsomee mimi, maneno ya Wegesa, neno kwa neno.

Na bibi ataitikia, najua. Je, nitaweza kufika mwisho?