Nilimwita Mwizi Kariakoo

Alhamisi, jioni. Joto la leo halina adabu. Nimeoga mara mbili na bado nanata.

Wapenzi wangu, nina neno la kukiri.

Nimekuja Dar kutoka Singida na kanga ya marehemu mama. Kipande kimoja tu, kipande cha pili tulimzika nacho. Binti yangu yu karibu kujifungua, nikataka nimpelekee doti kamili. Nyumbani walinionya: Kariakoo usimwamini mtu. Basi nilisali, nikafunga pochi kwa pini ndani ya gauni, nikaingia mjini nikitazama mikono ya watu.

Nilipita nyumba ya kizamani yenye baraza, imebanwa na ghorofa huku na huku. Jirani na msikiti Mchaga anauza masufuria, mbele yake mama wa Kihindi anachagua bamia. Pazuri kweli. Lakini wote hao niliwaona washukiwa. Hata aliyesema "karibu mama" nilijiuliza ana lake gani.

Kwa Mama Manka, mwenye duka la vitambaa, kanga ya ua lile haikuwepo. Akamwita winga wake, baba mwenye kipara, rika langu. Kumbe ndivyo wanavyofanya kazi: duka likikosa kitu, winga anachukua sampuli, anakitafuta maduka ya wenzao. Kabla sijakataa, kanga ya mama ilishaondoka naye, iko kwapani mwake.

"Keti dada, anarudi sasa hivi."

Sasa hivi gani hiyo! Wakaadhini adhuhuri, watu wakaswali, wakarudi. Nikauliza winga yuko wapi.

"Yuko Mtaa wa Uhuru kwenye kanga," akasema Mama Manka. "Au unadhani kaenda kujifunga?"

Duka zima likacheka. Moyoni nikasema, hawa ni kundi moja.

Nikatoka nje. Nikamwona yule winga ng'ambo ya barabara, anakimbia, kanga kwapani.

"Mwizi! Kanga yangu!"

Neno hilo Kariakoo lina mikono. Kufumba na kufumbua watu wamemkunja shati, mmoja kashika tofali.

"Mwacheni jamani! Winga wangu huyo!" Mama Manka alikuja peku, akajitia katikati yao.

Yule baba akafungua kwapa. Kanga mbili. Ya mama, na nyingine mpya, ua lilelile.

"Mama, si ulinipa mwenyewe?" akasema, anahema. "Nakimbia usichoke kusubiri, unaniitia watu?"

Shati lake halikuwa na vifungo tena.

Na mimi? Nilianza kuinusa kanga ya mama, nihakikishe hajaibadilisha. Mungu anisamehe. Nilipoinua kichwa, ameshaondoka, na pole yangu imebaki mdomoni.

Angekufa. Kwa mdomo wangu huu unaoimba kwaya.

Basi langu ni saa sita mchana kesho. Saa mbili asubuhi nitakuwa dukani kwa Mama Manka, nimngoje. Nilimwita mwizi mtaa mzima ukasikia. Sina ruhusa ya kumwomba radhi kwa kunong'ona.